Firigisi Niliyokula

Binti yangu Nafula hukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mkasi wenyewe ulitengenezewa watu wa mkono wa kulia, kwa hivyo huugeuza kidogo, hutoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika, na kitambaa hukatika sawasawa. Mkono wa kulia huulaza juu ya kitambaa ili kisiteleze. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza mkono ule, kulalia vitu. Vidole vitatu vya katikati vimejikunja kuelekea kiganjani na havifunguki, na ngozi ya hapo inang'aa kama nailoni.

Nimemtazama mara nyingi akifanya kazi. Duka liko Eastleigh, chini ya gesti moja ya wasafiri, na ng'ambo ya barabara kuna kibaraza ambapo mtu anaweza kusimama kana kwamba anamngoja mwenzake. Hapo ndipo husimama nikitoka sokoni. Sina jambo la kumwambia. Nataka tu kuona kwamba yuko.

Mwenye duka anaitwa Saado. Alikimbia vita kwao Somalia mwaka wa tisini na moja, akaanza na meza moja ya vitambaa, sasa ana duka lenye milango miwili. Hajui kubembeleza mtu. Siku ya kwanza Nafula alikwenda kuomba kazi akiwa ameuficha mkono ndani ya leso.

"Hiyo mkono umeiba wapi?" Saado akamwuliza.

"Ni wangu."

"Kama ni yako, mbona unaificha kama mali ya wizi? Toa nje, ishike kitambaa."

Nafula alinisimulia hayo huku akicheka, na mimi nikacheka naye, ingawa moyoni nilikuwa nimeshtuka. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyekuwa ameutaja mkono ule waziwazi mbele yetu.

Kabla ya hapo alijaribu kiwandani Baba Dogo, mahali wanaposhona mashati. Alipewa cherehani ya umeme kwa robo saa. Msimamizi alimwangalia, akamrudishia kitambulisho, akasema, "Wewe ni mwerevu, dada, lakini hapa tunaajiri vidole." Siku hiyo alirudi nyumbani Kariobangi akafua nguo zote tulizonazo, hata zilizokuwa safi.

Nafula alizaliwa tarehe kumi na nne Aprili, mwaka wa sabini na saba. Baba yake, Kweyu, alikuwa akipakia magunia kwenye malori, na lori moja ndilo lililomuua mwaka wa themanini na saba. Mdogo wake, Laban, ndiye aliyempeleka nyumbani kumzika. Laban alikuwa mwenyekiti wa chama cha mazishi cha watu wa kwetu wanaoishi mitaa hii, na bado ndiye mwenyekiti. Mtu wa kwetu akifia Nairobi bila chama, anazikwa makaburini Lang'ata na watu wasiomjua. Laban alisimama na jeneza la ndugu yake hadi kijijini, na gari lilipokwama kwenye matope kule Timboroa alilala kando yake barabarani. Sijawahi kulisahau hilo, naye hajawahi kuniacha nilisahau.

Mwaka uliofuata nikaanza kutema damu. Hospitalini wakasema ni kifua kikuu, nikalazwa miezi saba. Laban alikuja mwenyewe kumchukua Nafula, wakati huo ana miaka kumi na mmoja. "Damu ya ndugu yangu hailali kwa majirani," alisema. Akampeleka kwake mtaa wa Lucky Summer. Mimi kitandani nikamshukuru Mungu.

Yaliyotokea katika nyumba ile nimeambiwa vipande vipande, na vingine naamini sijaambiwa. Alitolewa shule. Alichota maji, akafua, akabeba watoto, akapigwa kwa mkanda wa mashine. Jioni moja maziwa ya watoto yalifurika yakamwagikia motoni. Laban alimshika kifundo cha mkono, akaulaza mkono juu ya jiko, akahesabu moja hadi tano kwa sauti, kama mwalimu. Laban na mkewe hawakumpeleka hospitali kwa sababu hospitali huuliza maswali. Walimpaka mafuta ya kupikia, wakamfunga kitambaa, na kilipofunguliwa vidole vilikuwa vimekwisha kushikana.

Nilipotoka hospitalini nilikwenda moja kwa moja Lucky Summer. Nafula ndiye aliyenifungulia mlango. Alifungua kwa mkono wa kushoto, na mimi nilidhani kwamba amebeba kitu.

Sikwenda polisi. Ningeweza kusema nilikuwa mgonjwa, nina kifua kibovu na sina mume, na yote ni kweli. Lakini pia sikwenda kwa sababu Laban aliniwahi. Aliita wazee wa chama nyumbani kwake Jumamosi, na wakachinja kuku wawili.

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Zamani za nyanya yangu mwanamke hakula kuku kabisa, na hata siku hizi anayemla haigusi firigisi. Huipakua akaiweka mbele ya mume wake. Siku ile mzee mmoja aliichukua, akaiweka peke yake katika kisahani cha maua, akakisogeza mbele yangu. "Kweyu hayupo," akasema. "Mwenye nyumba ya Kweyu sasa ni huyu mama." Mikono yote ikatulia juu ya ugali. Hakuna aliyeeleza, na sikuhitaji kuelezwa. Nikiila, nyumba ya Kweyu imepokea na maneno yamekwisha.

Niliila. Na kwa kuwa naandika haya ili nisiyabebe tena, nitasema na lililobaki. Wakati nikitafuna nilijisikia mtu. Tangu Kweyu afe nilikuwa mjane wa kuhurumiwa, mgonjwa wa kukaliwa mbali, na sasa wanaume saba walikuwa wakiningoja mimi nimeze.

Baadaye wakatoa karatasi iliyoandikwa tayari kwamba jambo limekwisha, na kikopo bapa cha wino wa mihuri. Mimi nilifika darasa la nne, naweza kuandika jina langu. Lakini Laban alikwisha kufungua kikopo, na sikutaka kuonekana najifanya msomi. Nikatoa kidole gumba. Kisha nikamchukua mtoto wangu, tukaondoka. Alikuwa nje muda huo wote, akiosha sahani.

Miaka ikapita. Laban hakuja kwangu wala mimi sikwenda kwake, isipokuwa mikutano ya chama. Nilidhani tumelizika.

Mwaka huu wa tisini na nane, mwezi wa pili, akina mama wa haki walikuja kufundisha sheria katika ukumbi wa kanisa letu. Pamoja nao alikuwa wakili mmoja, Bi. Muhonja, mwanamke mfupi anayevaa miwani kwenye kamba. Wakati wa chai Nafula alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, na mama mmoja mzee akamkaripia kwa kukosa adabu. Wakili akaitazama ile leso.

"Nani alikufanyia hivyo?"

"Baba mdogo."

"Lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na mmoja."

"Na sasa una mingapi?"

Alipoambiwa, alichukua kalamu akaandika tarehe kwenye kiganja chake mwenyewe. Alimweleza kwamba mtoto akidhulumiwa, sheria humngoja akue. Akifika kumi na minane hupewa miaka mitatu ya kudai fidia, na hiyo ikiisha, mlango unafungwa. Wa Nafula ungefungwa tarehe kumi na nne Aprili. Lakini hiyo ilikuwa Jumanne baada ya Pasaka, na wakili alisema, "Mimi siamini siku ya mwisho. Pasaka itakula siku zako nne. Tuhesabu Alhamisi kuu, saa za ofisi."

Nafula aliniletea habari hiyo nikichambua maharagwe.

"Mama, wakili anataka utoe taarifa."

"Taarifa ya nini?"

"Ya vile ulinipata."

"Nilikuwa mgonjwa."

"Ndiyo. Useme hivyo."

Nikaendelea na maharagwe. Nilitupa mazima, nikabakiza yaliyooza, na sikugundua mpaka tulipoyala.

Nilimwambia tungoje mvua iishe. Ulikuwa mwaka wa Elnino, na barabara zetu zilikuwa zimekuwa mito. Nilisema hivyo nikijua kwamba mvua ile haikuwa na nia ya kuisha. Nafula hakunisukuma. Kila Ijumaa Saado alipofunga duka kwa swala, yeye alikwenda mjini kwa wakili, akarudi, akavua viatu vyenye matope, akaketi. Nikimuuliza wamesema nini, alijibu, "Wanakuuliza wewe."

Sikulala vizuri mwezi mzima. Nilikuwa nikijua kitu ambacho Nafula hakijui, nacho kilikuwa na alama ya kidole changu.

Jumapili ya matawi nilitoka kanisani, nikamdanganya Nafula kwamba naenda kumwona mgonjwa, nikaenda Lucky Summer. Laban alikuwa sebuleni, tawi la mtende limechomekwa mfukoni mwa shati.

"Shemeji, karibu. Umetuletea mvua."

"Nafula anataka kwenda kortini."

Hakuuliza kwa jambo gani. Alilitoa tawi mfukoni akaliweka mezani.

"Ana miaka mingapi?"

"Anafikisha ishirini na mmoja."

"Basi ni mtu mzima. Mtu mzima husamehe."

Nikamwambia nililokuja nalo. Aje nyumbani kwangu Kariobangi, amshike Nafula mkono ule, amwambie, nilikukosea. Neno moja tu. Nami nitampigia mtoto magoti aache kesi.

"Niombe mara mbili?" Laban akasema. "Kuku alichinjwa hapa, shemeji, kwenye meza hii. Au umesahau? Ile firigisi haikuwa imeiva?"

Mke wake alikuwa jikoni. Nilisikia kijiko kikiacha kukoroga.

Aliinuka akaleta faili ya chama. Karatasi ilikuwa humo, imetunzwa ndani ya plastiki, na kidole changu chini yake, kidogo kama punje ya haragwe. "Mbele ya hakimu sitakuwa na maneno mengi. Nitauliza, mama yake alikula au hakula? Basi."

"Alikuwa mtoto, Laban."

"Na wewe? Ulikuwa mtoto?" Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo aliponiogopesha, maana alisema kwa upole. "Mimi ndiye niliyempeleka Kweyu. Nililala barabarani naye. Wewe utapelekwa na nani? Na ukifika, nani atafungua lango uwekwe kando yake? Sisemi kwa ubaya. Nauliza tu."

Niliondoka kwa miguu. Mtu akisoma haya atasema, mwanamke huyu anaogopa kaburi kuliko anavyomwogopea mtoto. Nina miaka arobaini na saba na kifua kilichokwisha kuharibiwa. Zile futi sita za udongo kando ya Kweyu ndizo mali pekee niliyojua ni yangu. Nilitembea hadi nyumbani nikipanga namna ya kunyamaza. Siku zimebaki nne, nilijiambia. Zitapita zenyewe. Nitakachohitaji ni kuugua kidogo.

Na kweli Jumatatu niliugua, na Jumanne pia. Nafula alinipikia uji. Jumatano jioni alirudi mapema, akajaza makaa kwenye pasi, akaanza kunyoosha gauni lake la kijivu.

"Kesho ndiyo Alhamisi," akasema. "Utakuja au hutakuja?"

Nilifungua kinywa niseme kifua kinanibana. Badala yake nikamwambia habari ya firigisi. Nilimwambia yote, wazee, kisahani, kikopo cha wino, na safari yangu ya Jumapili. Alisikiliza huku akinyoosha kola, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Ile Jumamosi ya kuku," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nje."

"Ulikuwa nje."

"Kulikuwa na kisahani cha maua. Nilikiosha. Nilijiuliza ni cha nani, kwa sababu hakikuwa na mfupa."

Akaligeuza gauni, akaendelea kunyoosha.

"Miaka tisa nawaambia watu, mama alikuwa mgonjwa. Msichana wa kiwandani aliniuliza, nikamwambia. Saado aliniuliza, nikamwambia. Wakili nimemwambia."

"Nilikuwa mgonjwa, Nafula."

"Siku hiyo ulikuwa umepona."

Alimimina makaa nje, akatundika gauni kwenye msumari. "Sikulazimishi," akasema. "Naondoka saa moja." Ilikuwa mara ya kwanza nikumbukavyo kwamba alisema nami bila kuniita Mama.

Asubuhi aliondoka saa moja kamili. Nilikuwa macho nimefunika uso, naye nadhani alijua. Chai yangu aliiacha mezani, amefunika kikombe kwa kisahani, na kwa muda mrefu nilikitazama kisahani kile. Laban ataileta karatasi, niende nisiende. Nisipokwenda, kinywa kimoja tu ndicho kitakachoeleza jinsi nilivyokula, nacho ni chake. Atamweleza hakimu, na Nafula atakuwa amekaa pale peke yake akisikiliza. Sikuona njia ambayo ingeniacha na mtoto na kaburi pamoja. Niliitafuta, Mungu ni shahidi. Kisha nikavaa viatu.

Barabara ilikuwa imekatika kwa mafuriko, nikatembea hadi mjini. Nilifika ofisi ya wakili saa tano. Nafula alikuwa kwenye benchi la nje. Aliniona, akauondoa mkoba wake kwenye benchi nipate pa kukaa.

Bi. Muhonja alinisikiliza hadi mwisho. "Karatasi ile haimfungi yeye," akasema. "Mama hawezi kumwuzia mtoto haki yake kwa kuku. Lakini wataileta, na itakuaibisha wewe mbele ya watu. Na nikwambie mapema, tunaweza kushindwa. Hakuna cheti cha hospitali. Kuna mkono wake na kinywa chako."

Nikaanza kutoa taarifa, na karani akaipiga taipu. Nilipofika kwenye kuku, vidole vyake vikasita.

"Firigisi nayo inaandikwa kwenye kiapo?"

"Andika kama anavyosema," wakili akamjibu.

"Ni kwamba sijawahi, mheshimiwa."

"Basi leo utaanza."

Nafula alikuwa ndani wakati huo, amesimama dirishani na mgongo kwetu. Niliposema kwamba nilijisikia mtu, alizidi kusogelea kioo. Hakuna aliyeniuliza hilo. Niliona tu kwamba nikilificha, nitakuwa nimekula tena.

Kamishna wa viapo alikuwa mlango wa tatu, mzee aliyekwisha kuvaa koti la safari kwa sababu kila mtu alikuwa akikimbilia mabasi ya Pasaka. Alinisomea haraka haraka, akauliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Aliitazama leso yangu, akanisogezea kikopo cha wino.

"Ninaandika," nikamwambia.

"Andika basi, mama, watu wanasafiri."

Niliandika Nasike, na jina la baba yangu, na jina la Kweyu. Ilichukua muda. Alitazama saa yake mara mbili. Herufi zilipanda mlima upande mmoja wa mstari, lakini zilisomeka. Nafula akatia sahihi karatasi zake kwa mkono wa kushoto, na karani akazikimbiza mahakamani. Tulisubiri kwenye ngazi hadi aliporudi na nakala yenye muhuri wa siku hiyo.

Jumamosi ya Pasaka, mtu wa chama aligonga mlango wangu. Hakuketi. Alisema mwenyekiti ameomba nisije mkutanoni hadi nitakapoitwa, na kwamba kitabuni jina langu limepigwa mstari. Alikuwa kijana mwema, na alisema hayo akitazama miguu yake. Siku ya Pasaka ua mzima ulinuka kuku wa watu. Sisi tulikula maharagwe, na safari hii niliyachambua vizuri.

Sasa ni mwezi wa sita na korti haijatupa tarehe. Usiku nikikohoa nahesabu ni nani atakayenibeba, na hesabu hainipi mtu. Nafula hunipikia, hunifunikia chai kabla hajaondoka, huniuliza kama nimekunywa dawa. Hasemi Mama. Husema, "Umekunywa?" Mimi hujibu nimekunywa, na kila mmoja hugeukia shughuli yake. Sijui kama ni adhabu, au kama neno lenyewe limemwisha.

Mimi bado husimama kwenye kibaraza kile. Jana alikuwa akikata kitambaa cha samawati, ulimi nje, mkono wa kulia umelala juu yake bila leso. Aliinua kichwa akaniona. Hakupunga. Aliinama akasema kitu kwa Saado, na Saado akatoka mpaka mlangoni, akaita kwa sauti ya sokoni, watu wakageuka.

"Wewe mama. Kila siku unangoja nani hapo? Ingia ama uende."

Sikujua kama hayo yalikuwa maneno yake au alitumwa. Nilivuka nusu ya barabara. Nafula alikuwa amerudi kwenye kitambaa, na mkasi ulikuwa ukitembea. Nikasimama pale katikati, magari yakinipigia honi pande zote mbili.